Fahamu: Kwa nini QEMU hubakiza tabia za zamani

QEMU, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, huiga kompyuta nzima, hata chipuseti ya Intel ya 1996, i440FX. Watengenezaji wakigundua kifaa walichokiiga hakifanani na kile halisi, hukirekebisha. Lakini keneli ya zamani ya Linux huenda ilikuwa ikitegemea kasoro hiyohiyo. Ikiondolewa, mfumo unagoma kuwaka.

Kwa hiyo mashine zinazoigwa hupewa namba za toleo. Mashine pc-i440fx-6.2 hubaki na tabia za 2021 hata QEMU yenyewe ikisasishwa. Marekebisho huingia katika namba mpya. Huo ni uamuzi wa haki kabisa kwa mwenye seva asiyeweza kuihamishia kwenye namba mpya leo. Ila kuyatunza matoleo yote ni mzigo mzito, ndiyo maana matoleo ya kale mno hufutwa.