Sarafu yenye chapa mbili: isome kabla ya kuipeleka kwa sonara

Mkokotoni ni mji wa bandari wa siku nyingi, na ng'ambo yake kiko kisiwa cha Tumbatu na magofu yake. Anayelima au kuchimba msingi upande huo, siku moja jembe laweza kugonga kitu cha duara. Swali la kwanza huwa: ni dhahabu? La pili: nani ananunua? Sisi tunaomba uweke swali jingine katikati: imeandikwa nini?

Katika karne ya 19, kabla ya Sultani Barghash kutoa sarafu zake, biashara ya Unguja iliendeshwa zaidi kwa fedha za wageni. Ilikuwapo riale ya mzinga kutoka Hispania, iliyoitwa hivyo kwa sababu nguzo zilizochorwa juu yake zilifanana na mizinga. Ilikuwapo riale ya Shamu, pande kubwa la fedha lenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Hii imewadanganya wengi. Imeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia, lakini iliendelea kutengenezwa kwa tarehe hiyo hiyo mpaka karne ya 20. Ukiambiwa ina zaidi ya miaka mia mbili kwa sababu ya tarehe tu, usikubali haraka.

Serikali iliyotaka kuihalalisha fedha ya kigeni iliipiga chapa yake ndogo juu ya ile ya zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 Wareno wa Msumbiji walizigonga rupia na riale herufi PM chini ya taji. Kabla ya hapo, miaka ya 1830, walikuwa na vipande vya dhahabu vyenye herufi M, na vingine vikaongezwa chapa yenye umbo la ua. Vilihesabiwa kwa mithkali, na hadi leo fedha ya Msumbiji inaitwa metikali. Vipande hivyo ni adimu sana.

Kwetu, Barghash alitoa sarafu zenye mwaka 1299 wa Hijria, yaani kama 1882. Pesa za shaba zenye mizani bado zinaonekana, ila riale 5 na riale 2 na nusu za dhahabu ni nadra mno. Bara, mwaka 1916 wakati wa vita, Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Zilitoka kama elfu kumi na sita. Herufi T iliyomo si chapa ya kuongezwa. Imo tangu sarafu ilipotengenezwa.

Chapa ya kuongezwa ndiyo rahisi kughushi, maana kinachohitajika ni nyundo na kipande cha chuma. Igeuze sarafu. Chapa iliyogongwa kwa nguvu aghalabu huacha alama upande wa pili, sehemu iliyobonyea au kulainika. Tazama pia uchakavu: sarafu iliyolika na chapa yenye kingo kali kama ya jana ni ya kutiliwa shaka. Sumaku ikiinasa, si dhahabu wala fedha. Isipoinasa, bado hujathibitisha kitu.

Usiisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu. Ukiing'arisha umefuta maandishi. Sonara naye hupima gramu. Akishaiyeyusha, Barghash na Mreno wote wamekuwa kidani.

Na mahali ilipokuwa pana thamani yake. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, zilipatikana pamoja sarafu ndogo za fedha zaidi ya elfu mbili, na chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Kwa kuwa zilikuwa pamoja, wataalamu waliweza kuzisoma za kigeni na kukadiria umri wa zile zenye majina ya watawala wa hapa: karne ya 11. Zingeuzwa moja moja barazani, habari hiyo isingepatikana.

Kwa hiyo ukiona moja, acha kuchimba. Piga picha pande zote mbili na shimo lenyewe, weka alama mahali hapo, kisha mwone sheha wako akuunganishe na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Dalali akikupigia simu usiku huo huo na bei ya haraka, mwulize amejuaje.