Tumbawe la Malindi na Mvua ya Kapkatet

Mawingu yakikusanyika alasiri, mchumaji wa chai wa Kapkatet hutazama magharibi. Hakosei. Mvuke wa Ziwa Victoria hupanda miinuko ya Kericho, hupoa, hunyesha, na watu hujibanza kwenye kituo cha kununulia majani, vikapu vingali mgongoni. Bahari Hindi, iliyo upande wa pili wa nchi, nani aikumbuke?

Lakini mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, zina mkono wa bahari hiyo. Mwaka 1999 wanasayansi N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao walieleza jinsi miaka fulani maji ya upande wetu yanavyopata joto kupita kawaida huku ya Sumatra yakipoa. Hapo mvua huelemea Afrika Mashariki. Ilitokea 1961, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Ikatokea tena 1997, kisha 2019.

Je, bahari ilikuwa na tabia hii zamani? Mzee anayekumbuka ukame wa 1984 anakumbuka mengi, ila mapigo mengine ya bahari huchukua miaka kumi au zaidi, na maisha ya mtu hayatoshi kuyahesabu. Shahidi akapatikana Malindi, pwani ya Kenya: tumbawe. Mnyama huyu hana macho wala kipimajoto, lakini kila mwaka huongeza tabaka la chokaa, kama mti unavyoongeza pete. Maji yakiwa ya moto, aina nzito ya oksijeni hupungua ndani ya chokaa hiyo. Watafiti Julia Cole, Robert Dunbar, Tim McClanahan na Nyawira Muthiga walisoma tabaka za miaka 194, wakachapisha matokeo mwaka 2000.

Walichokikuta hakikuwa mstari ulionyooka. Joto lilipanda na kushuka, mwaka kwa mwaka na mwongo kwa mwongo, likifuata mapigo ya Pasifiki ya tropiki, nyumbani kwa El Niño. Chini ya mawimbi hayo kulikuwa na ongezeko la taratibu, hadi nyuzi 1.3 za Selsiasi tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Basi vuli ikiharibika Kapkatet, kuitaja sababu moja ni haraka mno.

Tabaka la mwisho walilolisoma ni la 1994. Miaka minne baadaye bahari ilichemka, na matumbawe mengi ya Malindi na Watamu yakapauka, yakafa.