Mbwa Amenyolewa Mno: Je, Mshahara wa Nani Ukatwe?

Ndugu wafanyakazi, tunajua wengine watacheka kuona habari za mbwa katika kurasa za chama. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, maana habari hii ni ya mshahara.

Huko Gihosha, kwenye vilima vya kaskazini-mashariki mwa Bujumbura, ziko nyumba nyingi zenye ukuta mrefu. Nyuma ya ukuta yupo zamu, yupo mpishi, yupo mtunza bustani, na mara nyingi yupo mbwa. Mbwa wengine ni wa nywele fupi, hawana shida na mtu. Wengine asili yao ni nchi za baridi na manyoya yao ni mazito. Jua likiwaka, mwenye nyumba huona huruma akamwambia mtunza bustani: “Nenda kamtafute kinyozi.” Kinyozi wa mbwa hasa si rahisi kumpata. Anayekuja ni kinyozi wa watu, aliyezoea vichwa vya vijana.

Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba moja tunayoijua. Mashine ilikuwa ya mwenye nyumba mwenyewe, nayo ilikuwa imefungwa kisu namba 10. Kinyozi aliona namba kubwa, akafurahi kwamba nywele zitabaki ndefu. Alipofika nusu ya mgongo akatambua, lakini huwezi kumwacha mbwa nusu ana manyoya na nusu hana. Akamaliza. Jioni mbwa alikuwa kama kuku aliyenyonyolewa, na tumboni ngozi ilikuwa nyekundu. Bwana akatoa hukumu pale pale: robo ya mshahara wa mtunza bustani itakatwa, kwa kuwa ndiye aliyemleta kinyozi.

Tulizungumza na kinyozi huyo, na hatukumwona kuwa mzembe. Tatizo lilikuwa hesabu. Katika mashine za kunyolea watu, kile kitana cha plastiki namba 1 huacha nywele za milimita 3 hivi, namba 2 milimita 6, namba 4 kama milimita 13. Namba ikipanda, nywele hubaki ndefu. Visu vya mashine za wanyama huhesabiwa kinyume chake. Namba 4 huacha kama milimita 9 au 10, namba 7 milimita 3, namba 10 milimita moja na nusu, na namba 40 ni ya daktari anayetaka kupasua. Nani alimweleza kinyozi jambo hili? Hakuna. Bwana alitoa mashine na kwenda kazini, wala hakusema nywele zibaki urefu gani. Aliyekuwa nyumbani ni mtunza bustani, ambaye kazi yake ni majani na maua.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi ukitumwa kazi kama hii, usikubali neno “mfupishe kidogo.” Kidogo cha bwana si kidogo cha kinyozi. Mwambie akuonyeshe kwa kidole, unene wa kidole kimoja au viwili, na awepo mwingine anayesikia. Tazama pia hali ya manyoya kabla mashine haijawashwa. Yakiwa yamesokotana mpaka kwenye ngozi, hakuna njia nyingine isiyomtesa mnyama ila kunyoa chini, na hapo kinyozi hana lawama. Mwenye nyumba ambaye hakumchana mbwa wake miezi sita asije kulia siku ya mashine.

Wenzetu wa mashamba ya chai, Teza na Rwegura, watasema kwamba mchai ukikatwa chini huchipua tena. Ni kweli kwa chai. Kwa mbwa inategemea. Mwenye nywele zinazokua daima, kama pudeli, hurudi katika hali yake baada ya miezi michache. Mwenye manyoya ya tabaka mbili, laini chini na magumu juu, aweza kukaa mwaka na zaidi, na pengine yakaota kwa mabaka. Tena hayo manyoya ndiyo yanayomkinga na jua. Kumnyoa mbwa wa namna hiyo ili apate baridi ni sawa na kumvua mtu kofia saa sita mchana.

Likishatokea, mbwa akae kivulini, asitoke jua kali. Ngozi iliyochomwa na mashine ioshwe kwa maji baridi, na azuiwe kujiramba. Ikitoa maji au usaha, aitwe daktari wa mifugo. Msimpake oili chafu ya gari kama wanavyofanya wengine. Ni sumu, naye atairamba. Na usimwite kinyozi arudi “kusawazisha,” maana kusawazisha ni kukata tena.

Sasa fedha. Kinyozi aliyekosea anaweza kuombwa arudishe malipo yake au sehemu ya malipo, na hayo ni mapatano kati yake na mwenye mbwa. Mtumishi aliyetumwa kumwita si mdhamini wake. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara haukatwi ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya bwana haimo. Na Mkataba namba 189 wa mwaka 2011 unamtambua mtumishi wa nyumbani kuwa ni mfanyakazi, mwenye haki ya kuingia katika chama. Burundi ina sheria yake ya kazi ya tarehe 24 Novemba 2020. Mwulize mjumbe wako akusomee, na ukikatwa peleka shauri kwa mkaguzi wa kazi. Uende na tarehe, na kiasi ulichokatwa.

Jambo moja bwana hakulitaja kabisa: mtunza bustani ndiye aliyemshika mbwa, akaumwa mkononi. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Tuliuliza nani atalipa nauli na chanjo, tukaona uso wa bwana unabadilika.

Tulikwenda wawili, tukazungumza kwa adabu, hatukupiga kelele. Kinyozi alirudisha nusu ya malipo yake. Bwana alilipia hospitali. Robo iliyokatwa ilirudishwa mwisho wa mwezi uliofuata, na siku ile mgongo wa mbwa ulikuwa bado haujajaa.