Gesi ya Jiko Isiyoshtua Pumzi

Pumzi ya binadamu huongozwa na shina la ubongo, pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo. Hapo kundi la chembe za neva hupiga mdundo usiku na mchana, na amri zao hupitia neva za shingo hadi kwenye kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika.

Kasi hiyo huamuliwa zaidi na hewa ukaa kuliko oksijeni. Hewa ukaa ikizidi, majimaji yanayozunguka ubongo huingia asidi, na mtu hulazimika kuhema. Ndiyo maana aliyebana pumzi hashindani nayo kwa muda mrefu. Oksijeni nayo ina walinzi wake kando ya mishipa mikubwa ya shingo, ila hao hupima ile iliyoyeyuka kwenye damu tu, si ile iliyobebwa na chembe nyekundu.

Pengo hilo ni hatari kubwa katika vyumba vya mabati vya Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Baridi ya Julai inapobana, jiko la makaa lililopika ugali huachwa ndani lipashe chumba cha futi kumi kwa kumi, mlango umefungwa, nyufa zimezibwa kwa matambara. Makaa yaliyokolea hayana moshi, hivyo huonekana salama. Kumbe yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania hemoglobini, kibeba oksijeni cha chembe nyekundu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Oksijeni iliyoyeyuka haipungui, kwa hiyo walinzi wa shingoni hawashtuki, na mtu hahisi kukosa hewa.

Anachohisi ni kichwa kuuma, kichefuchefu na miguu kulegea. Ni rahisi kudhani ni malaria, akajilaza papo hapo, na huko kujilaza ndiko kunakoua. Shina la ubongo likikosa oksijeni, mdundo huvurugika. Pumzi zaweza kupanda, kushuka, kisha kukatika kwa muda, mtindo ulioelezwa na madaktari wa Dublin, John Cheyne mwaka 1818 na William Stokes mwaka 1854. Mwisho hubaki kutweta kwa nadra.

Hata kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hudanganyika, kwani hakitofautishi hemoglobini yenye oksijeni na iliyotekwa na gesi. Kwa hiyo anayempeleka mgonjwa hospitalini ataje jiko mara moja. Kabla ya hapo, mgonjwa atolewe nje. Katika hewa ya kawaida nusu ya gesi hutoka damuni kwa saa nne au tano. Kwa oksijeni tupu ya barakoa, saa moja hadi moja na nusu.