Jua, Dunia na Nguvu ya Mvutano

Kipenyo cha Dunia, yaani urefu wa mstari unaoikata katikati kutoka upande mmoja hadi wa pili, ni takriban kilomita 12,742, ilhali cha Jua hukaribia kilomita 1,391,000, ambazo ni mara 109 ya hizo. Kwa kuwa mjao wa tufe huongezeka upesi kuliko kipenyo chake, tofauti hiyo huzaa nyingine kubwa mno, kwani mjao wa Jua unatosha Dunia zipatazo 1,300,000. Dunia ikichukuliwa kuwa punje ya njugumawe yenye upana wa sentimita 1, Jua litakuwa tufe lenye upana unaozidi mita 1 kidogo, nayo punje hiyo itabidi iwekwe umbali wa karibu mita 117, ambao unazidi urefu wa uwanja wa mpira wa miguu.

Hata hivyo, kinachovuta si ukubwa wa umbo bali ni tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, ambacho hakibadiliki popote kitu hicho kipelekwapo. Uzito, kwa upande wake, ni nguvu ambayo kitu huvutwa nayo mahali kilipo, na kwa hiyo hubadilika. Jua limefanyika kwa gesi za haidrojeni na heli, na kwa wastani maada yake ni nzito kuliko maji kwa mara 1.4 tu, ilhali Dunia, iliyojaa miamba na chuma, ni nzito kuliko maji kwa mara 5.5. Ndiyo maana tungamo la Jua ni mara 333,000 ya lile la Dunia, wala halifiki mara 1,300,000 kama mjao wake ungemfanya mtu adhani.

Mwaka 1687 Isaac Newton wa Uingereza alieleza kuwa mvutano huongezeka kwa kadiri ya tungamo, lakini hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali kutoka kitovuni, maana yake umbali ukiongezeka mara 2 mvutano hubaki robo. Katika kanuni hiyo ndimo lilimo jibu la jambo linaloshangaza wengi, kwamba Jua, pamoja na tungamo lake lote, huvuta vilivyo usoni pake kwa mara 28 tu ya mvutano wa Dunia. Aliye usoni pa Jua angekuwa mbali na kitovu chake mara 109 kuliko alivyo mbali na kitovu cha Dunia mtu asimamaye ardhini, na 109 mara 109 ni 11,881. Mara 333,000 zikigawanywa kwa idadi hiyo, jibu ni 28. Jua halina ardhi ya kukanyagwa, na joto la uso wake hufikia nyuzi 5,500 za Selsiasi, lakini kama mizani ingeweza kuwekwa hapo, mtu wa kilo 70 angeonekana ana karibu tani 2.

Kutoka huko liliko, umbali wa kilomita milioni 150, Jua huvuta vitu vya hapa kwa nguvu isiyofika hata sehemu moja kwa 1,600 ya mvutano wa Dunia yenyewe. Tena huvuta ardhi, bahari na watu kwa pamoja, hata pasiwe na kinachobanduka kwa urahisi. Kila sekunde Dunia husafiri kilomita 30 hivi, na katika sekunde hiyo huanguka kuelekea Jua kwa milimita 3 tu. Ni milimita hizo zinazoipinda njia yake hadi ikamilishe mzunguko wa mwaka.

Mahali ambapo kazi ya Jua huonekana kwa macho ni baharini, kwa sababu kupwa na kujaa hutokana na tofauti ya mvutano kati ya upande wa karibu wa Dunia na wa mbali. Mwezi, ulio karibu zaidi, huishinda nguvu ya Jua katika jambo hili kwa zaidi ya mara 2. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Jua na Mwezi huvuta katika mstari mmoja, na hapo huja bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Mwezi ukifika robo, viwili hivyo huvuta kwa pembe mraba, yakawa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Huko Unguja na Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, na wanawake wa Paje na Jambiani hupanga kazi ya kilimo cha mwani kwa siku hizo, bahari inapotoka mbali, vigingi vyao vikawa wazi. Takriban theluthi moja ya mpando huo wa bamvua ni kazi ya Jua.