Kifo, Kasa na Kibete: Kiwakilishi cha Nafsi katika Riwaya za Kuchekesha

Msomaji wa Kiingereza atafutaye burudani ya mwisho wa juma aghalabu hukiweka kando kitabu kizito na kushika hadithi ya kuchekesha. Miongoni mwa vitabu vilivyopendwa sana kwa kazi hiyo ni riwaya za Discworld, zilizotungwa na Terry Pratchett wa Uingereza (1948–2015). Idadi yake ni 41. Ya kwanza, The Colour of Magic, ilitoka mwaka 1983, na ya mwisho, The Shepherd's Crown, ilitoka mwaka 2015 baada ya mtungaji kufariki. Zafaa kwa siku mbili za mapumziko, maana nyingi zaweza kusomwa peke yake. Tena nyingi hazikugawanywa kwa sura, hata msomaji aliyeanza Jumamosi asubuhi haoni pahali pa kutua.

Kwa wepesi huo, wako wahakiki waliozihesabu kuwa fasihi isiyo na uzito. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kicheko chake imejengwa juu ya sarufi, na jambo hili hudhihirika pale zinapofasiriwa.

Mfano wa kwanza ni Kifo, mhusika atokeaye katika karibu riwaya zote. Ni gofu la mifupa lenye mundu mrefu, lakini ana adabu, hupenda paka, na hustaajabia mambo ya wanadamu. Maneno yake hupigwa chapa kwa herufi kubwa, pasipo alama za kunukulu. Katika Kiingereza yeye ni mume. Mfasiri wa Kifaransa, Patrick Couton, alikuta neno la kifo katika lugha yake ni la kike. Akamwacha mhusika kuwa mume, na kulieleza jambo hilo katika tanbihi yenye mzaha. Mfasiri wa Kicheki, Jan Kantůrek, alikabiliwa na shida ile ile. Yeye aliligeuza kidogo neno lenyewe, smrt likawa Smrť, lipate kuchukua upatanisho wa kiume.

Kiswahili hakina haja ya hila hizo. Asemaye "kifo kilifika" ametaja tukio. Asemaye "Kifo alifika" amemleta mtu mlangoni. Kwa kubadili kiambishi kimoja, jambo limekuwa kiumbe, na wala halikuulizwa kama ni mume au mke. Liko pia jina Izraili, ambalo Waislamu wa pwani hulijua kuwa la malaika mtoa roho. Lakini kulitumia kungekitoa kisa katika ulimwengu wake wa kubuni na kukitia katika mambo ya imani. Neno la kawaida, likipewa upatanisho wa kiumbe, latosha.

Mfano wa pili ni mnyama auchukuaye ulimwengu huo. Nchi yenyewe ni bapa kama sahani, imekaa juu ya ndovu wanne, nao wamesimama juu ya gamba la A'Tuin. Kwa kuwa A'Tuin huogelea angani kwa vikono, Mswahili atamwita kasa, wala si kobe. Katika riwaya ya kwanza, wataalamu wa nchi ya Krull wamo mbioni kuvumbua kama ni dume au jike. Kiingereza hulazimika kukwepa au kuchagua kila kinapomtaja. Kiswahili husema "anaogelea", na fumbo hubaki salama.

Hadi hapo faida ni ya Kiswahili. Mfano wa tatu waonyesha gharama. Katika Feet of Clay (1996) yumo Cheery Littlebottom, mmoja wa vibete, watu wafupi wa asili ya migodini. Miongoni mwao wote huvaa ndevu na kubeba mashoka, na wote hutajwa kwa kiwakilishi cha kiume. Jinsia ya mtu ni siri yake. Cheery aamua kujulikana kuwa mwanamke: avaa hereni, apaka midomo rangi, ajiita Cheri, lakini ndevu hazinyoi. Wenziwe wachukizwa. Msomaji wa Kiingereza husikia kiwakilishi chenyewe kikigeuka, na katika mgeuko huo mna ujasiri wote wa mtu atakaye kutajwa alivyo.

Katika Kiswahili, "alikuja" ya jana na "alikuja" ya leo ni moja. Mswahili huielewa upesi desturi ya vibete, kwa kuwa viwakilishi vyake navyo havibagui. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hatasikia kishindo cha mabadiliko. Hapo mfasiri hana budi kuhama kutoka sarufi kwenda katika adabu ya mazungumzo, maana huko Kiswahili hubagua waziwazi. Aliyekuwa akiitwa "bwana" na aitwe "bibi". Aliyekuwa "kaka" kwa wenziwe na aitwe "dada", na wanaomchukia waendelee kwa ukaidi kumwita "kaka". Kishindo kilichopotea katika kiambishi kitarudi katika mwito, tena kwa ukali, kwani mwito hutamkwa mbele ya uso wa mtu.

Kwa hiyo mfasiri wa hadithi ya kuchekesha hawezi kuridhika na kutafuta neno kwa neno. Hana budi kwanza kujua kicheko kimekaa wapi katika lugha ya asili, kisha aulize ni pahali gani katika lugha yake pawezapo kukipokea. Kazi hiyo si nyepesi, ijapokuwa kitabu chenyewe husomwa kwa mapumziko.