Jinsi ndigana inavyoiteka seli ya ng'ombe

Je, msomaji, umewahi kujiuliza kwa nini ng'ombe aliyekuwa akila nyasi vizuri huvimba tezi chini ya masikio, akashikwa na homa, akapumua kwa shida na hatimaye akafa? Wafugaji wa Kajiado, kuanzia viungani mwa Kitengela hadi Namanga, wanaujua vyema ugonjwa huu. Wamaasai huuita oltikana. Kwa Kiswahili ni ndigana kali. Kwa familia nyingi huko, ng'ombe ndio karo ya watoto.

Ndigana huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, ambacho huenezwa na kupe wa masikio. Kikiingia mwilini, hujificha ndani ya seli nyeupe za damu, zile zinazotegemewa kupigana na maradhi. Ajabu ni kwamba hakiiui seli hiyo, bali huilazimisha kuzaliana ovyo kama ya saratani.

Hufanyaje? Ndani ya seli mna protini iitwayo NF-kappa B. Kwa kawaida hukaa nje ya kiini, imeshikwa na protini nyingine iliyo kama mlinzi. Hatari itokeapo, kimeng'enya kiitwacho IKK humbandika mlinzi huyo fosfeti. Alama hiyo ndogo ya kikemikali ndiyo hukumu yake: huvunjwavunjwa, na mfungwa wake huingia kwenye kiini na kuiamuru seli iishi na izaliane. Hatari ikipita, mlinzi mpya huundwa na amri hukoma.

Mwaka 2002, Volker Heussler na wenzake walieleza katika jarida la Science kwamba kijidudu hiki huikusanya IKK juu ya mwili wake. Basi kila mlinzi anayeundwa hubandikwa fosfeti, na amri haikomi. Seli ikigawanyika, kijidudu nacho hugawanyika pamoja nayo.

La kutia moyo ni kwamba kijidudu kikiuawa, seli huacha kuzaliana. Lakini dawa ya buparvakwoni husaidia zaidi ikitolewa mapema. Kwa hivyo ukiona tezi zimevimba usingoje. Mwite daktari wa mifugo. Wanyunyizie ng'ombe dawa ya kupe, na uulize kuhusu chanjo iliyobuniwa Muguga, ambapo mnyama hudungwa vijidudu hai pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini ya kuvidhibiti. Kinga ni bora kuliko tiba.